Maanguko Yasiyo ya Kifafa: Habari za Uganga na Utabibu katika Bara ya Kisauni

Mwakirunge iko katika bara ya kaskazini ya Mombasa, upande wa Kisauni, baina ya hori ya Tudor na hori ya Mtwapa, nayo tangu zama za kale ni nchi ya Wamijikenda, nchi ya minazi na mikorosho, ya mihogo na mahindi, na ya wagema ambao hupanda alfajiri na kushuka na tembo. Walakini mtu wa kisiwani akiitaja siku hizi, aghalabu haitaji minazi, bali hutaja jaa kubwa ambako takataka za mji mzima hupelekwa tangu jaa la Kibarani lilipofungwa. Mimi nimekusudia kuitaja kwa jambo jingine, ambalo halikuanza Mwakirunge wala halikomei Mwakirunge, ila wazee wa bara ile yote wana habari zake nyingi: nalo ni kuanguka kwa watu, hususa wasichana na wanawake vijana, wakatetemeka na kurusha mikono na miguu, wasisikie wala wasijibu, kisha wakazinduka, na tabibu akawapima asione homa wala kifafa.

Wazee wa pwani hawakuyahesabu maanguko yote kuwa maradhi mamoja. Mtoto mchanga aliyekakamaa na kugeuza macho kwa homa walisema ameshikwa na nyuni, au na dege, wakaamini kuna ndege wa usiku aliyepita juu ya paa. Mtu mzima aliyeanguka ghafla pasipo sababu, akatokwa na povu na kujikojolea, walisema ana kifafa, na huyo walimwogopa mno, hata wengine wasithubutu kumshika wakati wa kuanguka kwake wala kula naye sinia moja, kwa itikadi kwamba mate yake yaambukiza. Na yule aliyeanguka kwa harufu ya udi, au kwa mlio wa ngoma, au baada ya msiba na magomvi ya nyumbani, akalia au akanguruma au akasema kwa sauti isiyo yake, walisema amepandwa na pepo. Wala upambanuzi huu haukuwa wa watu wa shamba peke yao. Ibn al-Qayyim wa Shamu, aliyefariki mwaka 1350 na ambaye vitabu vyake vyajulikana na masheikh wetu, aliandika kwamba sara, yaani maradhi ya kuanguka, ni mbili, moja yatokana na roho mbaya, na nyingine yatokana na maumbile ya mwili, na hiyo ndiyo ambayo matabibu huitafutia sababu na dawa. Na Ibn Sina, aliyemtangulia kwa miaka mia tatu, alikuwa amekwisha kukitenga kifafa na maradhi mengine ya wanawake yanayofanana nacho, akatoa alama kwamba katika hayo ya pili akili haipotei yote, na mgonjwa akiamka aweza kusimulia mengi ya yaliyompata. Sababu aliyoitaja Ibn Sina, kwamba maradhi hayo hutoka katika kizazi, hakuna tabibu wa leo aikubaliye. Alama yenyewe ingali yatumika.

Basi mgonjwa wa namna ya tatu alipigiwa ramli, na ramli ikisema pepo, ikatafutwa siku ya ngoma. Desturi hii imeandikwa na wengi. Johann Ludwig Krapf, mmishonari wa Kijerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuhamia Rabai mwaka 1846, aliitaja katika kamusi yake ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1882, naye amekwisha kufa. Na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo akaieleza katika Desturi za Waswahili, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 kwa mkono wa Carl Velten. Waswahili wa mjini walipunga kwa ngoma na makofi. Wamijikenda walipunga zaidi kwa kayamba, chombo cha matete yaliyofungwa pamoja na kutiwa mbegu ndani, ambacho kikitikiswa na watu wengi kwa pamoja usiku kucha humwingia hata asiye mgonjwa. Mgonjwa, ambaye sasa aliitwa kiti kwa kuwa pepo amemkalia, alifunikwa nguo na kufukizwa ubani, na waimbaji wakabadilisha nyimbo, wimbo wa pepo wa Kiarabu, kisha wa Kisomali, kisha wa Kimasai, hata ukafika ule uliomtetemesha mabega, na hapo kabila la pepo likajulikana. Mganga akauliza: “U nani wewe? Watoka wapi? Una shauri gani na kiti chako?” Na pepo akajibu kwa kinywa cha mgonjwa, akadai leso mpya, au pete ya fedha, au kanzu nyeupe, au mbuzi, na pengine akasema kwamba bwana wa nyumba hii amezidi kumtukana kiti mbele ya watoto, na kwamba asipokoma yeye pepo hatatoka. Ndipo neno ambalo mke hakupata kulitamka mwaka mzima likasemwa hadharani, mbele ya wakwe na mashemeji, na mume akalisikiliza pasipo kujibu kwa ukali, maana aliyesema si mkewe.

Katika habari hizi iliyonistaajabisha zaidi ni ile ya pepo wa Kiislamu. David Parkin, mwanachuoni wa mila kutoka Uingereza aliyekaa na Wagiriama, mojawapo ya makabila ya Wamijikenda, katika miaka ya 1960, aliandika juu ya watu waliosilimu pasipo kuhubiriwa, kwa amri ya pepo aliyewapanda: wakiacha tembo na nyama isiyochinjwa kwa sharia walipona, wakiyarudia waliugua. Sasa kwa Mgiriama tembo si kinywaji tu, kwa kuwa hapana mahari, wala matanga, wala baraza la wazee lililokamilika bila kibuyu kupita mikononi. Naye mtu asiyeweza kunywa, na aliyekatazwa na maradhi yake mwenyewe, huwa ameondolewa sehemu kubwa ya madai ya jamaa bila kuwatukana. Parkin aliona kwamba miongoni mwao walikuwapo waliokuwa wakijikusanyia mashamba na minazi. Msomaji asidhani kwamba walikuwa wakifanya hila. Walitetemeka kweli, na kuumwa kweli, na kutumia mali nyingi kwa waganga. Mwili wa binadamu unaweza kubeba shauri ambalo mwenyewe hakulikusudia, na hilo ndilo lililowashinda madaktari wengi kulielewa kwa muda wa karne nzima.

Katika milima ya Taita, magharibi ya pwani, maradhi haya yaliitwa saka. Grace Harris, naye mwanachuoni wa mila, alikaa huko mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1957 akachapisha insha juu ya wanawake walioolewa ambao kwanza huingiwa na wasiwasi, kisha sehemu ya juu ya mwili ikaanza kutukutika, mabega yakatikisika upesi, kichwa kikaenda upande huu na upande huu kwa mwendo mmoja, macho yakafumba, na uso ukawa mtupu kama usio na mtu; wengine wakakakamaa na kuzimia, wengine wakatamka maneno yenye sauti ya lugha ngeni. Kilichowaangusha kilikuwa mlio wa motokaa, au mluzi wa gari la moshi, au kiberiti kikiwashwa, au harufu ya sigara, yaani vitu vya wanaume waliokwenda kufanya kazi za mshahara na kurudi na fedha, ilhali mke amebaki shambani. Na katika ngoma ya saka wanawake walivaa kofia za kiume na kushika fimbo. Harris alikuwa akiandika habari za mila, hakuwa akifundisha utabibu. Lakini mwenye kusoma maneno yake leo, hasa yale ya macho kufumba na kichwa kwenda huku na huku, atakuta zimo alama mbili ambazo madaktari wa ubongo walikuja kuzihesabu, miaka mingi baadaye, kuwa miongoni mwa zile zinazosaidia zaidi kuyatenga maanguko haya na kifafa.

Ulaya nako hawakuwa na maarifa bora. Zama zile Krapf alipokuwa akiikusanya kamusi yake, Jean-Martin Charcot alikuwa bwana wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ambako wanawake wenye kifafa na wanawake wenye maanguko mengine waliwekwa katika wadi moja, wakatazamana mchana na usiku. Na Charcot akawatoa mbele ya wanafunzi na wageni, wakaanguka kwa taratibu ileile kila mara, wakapigwa picha, na picha zikatiwa vitabuni. Sioni tofauti kubwa baina ya ukumbi ule na kilinge cha mganga, isipokuwa kwamba katika kilinge kulikuwa na mtu aliyemwuliza mgonjwa anataka nini. Sigmund Freud alikwenda Paris kumsikiliza Charcot katika mwaka 1885, na baadaye akaieneza ile fikira kwamba mgonjwa aachwe aseme. Kisha vikaja Vita Vikuu vya 1914, na askari wanaume kwa maelfu wakarudi kutoka mahandakini wakitetemeka na kuanguka, ikawa dhahiri kwamba lile neno la kale, la kwamba maradhi haya hutoka katika kizazi cha wanawake, lilikuwa upuuzi. Mwaka 1924 Hans Berger, tabibu wa Kijerumani, alifaulu kuandika umeme wa ubongo wa binadamu juu ya karatasi, akautangaza mwaka 1929. Na tangu hapo ikawezekana kumtazama mtu akianguka na kujua kama umeme wa ubongo wake umechafuka, kama ilivyo katika kifafa, au umetulia ilhali mwili unatetemeka.

Maarifa hayo yalichukua muda mrefu kuvuka maji. Mtu wa Mwakirunge aliyetaka hospitali ya kisiwani alipaswa, mpaka mwaka 1931 lilipofunguliwa daraja la Nyali la kuelea, kupanda chombo ndipo avuke, na hata baada ya daraja hilo aliyebebwa machelani alikuwa na mwendo mrefu mbele yake kabla ya kuona barabara. Serikali ya kikoloni ilikuwa na nyumba ya wendawazimu huko Nairobi tangu mwaka 1910, ile ambayo baadaye ikawa Mathari, na tangu mwaka 1909 ilikuwa na sharia ya kuzuia uchawi iliyowatia waganga hofu, hata waliokuwa wakipunga tu. Walakini kwa mwanamke anayeanguka haikuwa na jambo la kumpa zaidi ya vidonge vya kifafa, au neno lile la matusi ambalo lingali latamkwa katika wadi nyingi, kwamba anajifanya. Sijui ni lipi lililodhuru zaidi. Vidonge vilimlegeza na kumtia usingizi, wala maanguko hayakukoma, na kila yasipokoma vikaongezwa. Neno lile lilimrudisha nyumbani na aibu, na nyumbani wakamrudisha kwa mganga.

Lakini isije ikadhaniwa kwamba namsifu mganga bila kipimo. Katika bara hii malaria ya kichwani imeua watoto wengi waliokuwa wakifukizwa kwa ajili ya nyuni, na wenye kifafa cha kweli wamezeeka wakipigiwa kayamba, wakiungua mwili katika meko, hali kidonge kimoja cha bei ndogo kila usiku kingaliweza kuwazuilia. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989, kimefanya hesabu ya wenye kifafa katika vijiji vya Wamijikenda, na kimeonyesha kwamba kifafa ni kingi pwani, na kwamba sababu zake nyingi zaweza kuzuilika, kama vile matata ya uzazi, kuumia kichwa na vijidudu vinavyoingia mwilini. Kadhalika kimekuta kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa wakipata dawa ipasavyo. Kwa hiyo tabibu wa pwani anayemwona mtu ameanguka sharti akidhanie kifafa, na malaria, na upungufu wa sukari mwilini, kabla ya jambo jingine lolote. Na ndiyo sababu elimu ya maanguko yasiyo ya kifafa ilichelewa kushika mizizi hapa, kwa kuwa aliyeizungumza alionekana kama anayewapa watu udhuru wa kuacha vidonge.

Madaktari wa leo huyaita maanguko ya utendaji, maana wanaona kwamba ubongo hauna jeraha wala umeme wake haujachafuka, ila kazi yake ya kuongoza mwili na fahamu imekatika kwa kitambo, kama inavyoweza kukatika kwa mshtuko, au kwa hofu ya zamani iliyorudi, na pengine bila sababu ambayo mgonjwa mwenyewe aijua. Wengi wa wagonjwa, kadiri ya watatu katika kila wanne, ni wanawake. Aghalabu huanza ujanani. Wengi wamepata kuonewa au kufiwa, lakini si wote, na daktari anayemshurutisha mgonjwa aseme ni nani aliyemwonea huenda akamtengenezea jambo ambalo halikuwapo.

Njia ya kuyatambua huanza kwa masikio. Daktari humwuliza aliyeshuhudia, mama au dada au mwalimu, wala hatosheki na jibu la kwamba alitetemeka: macho yalikuwa wazi au yamefumba? Kichwa kilikwenda upande kwa upande? Mwili ulitikisika kwa pigo moja, au mikono ilikwenda kwake na miguu kwake, ikapumzika, ikaanza tena? Ilichukua muda gani? Katika kifafa kikubwa macho aghalabu huwa wazi, ulimi huumwa pembeni, uso hubadilika rangi, na jambo zima hukoma baada ya dakika moja au mbili, kisha hufuata usingizi mzito wenye kukoroma. Katika maanguko ya utendaji macho aghalabu hufumba, hata yakapinga mkono unaoyafumbua, mtetemeko hupanda na kushuka kwa dakika nyingi, pengine kuna kilio, na mgonjwa akiamka hukumbuka sauti alizozisikia. Kujikojolea na kuumia, ambako wazee wetu na madaktari wengi walikutegemea kama mizani, hakusaidii sana, kwa kuwa hutokea katika yote mawili. Wala alama moja peke yake haitoshi, maana kiko kifafa cha sehemu ya mbele ya ubongo chenye vituko vingi ambacho huwadanganya hata mabingwa. Kipimo cha juu kabisa ni kumlaza mgonjwa chini ya kamera, nyaya za kupimia umeme zikiwa kichwani, hata aanguke, kisha vyote viwili vikatazamwa pamoja. Na kwa kuwa kipimo hicho ni nadra katika nchi nyingi, mabingwa wa jumuiya ya kimataifa ya kupigana na kifafa walipanga mwaka 2013 daraja za yakini, kuanzia pale penye maelezo ya shahidi tu hata pale penye kipimo kamili, ili tabibu asiye na mashine asiachwe mikono mitupu. Siku hizi simu ya mkononi imerahisisha kazi, kwani ndugu akipiga picha ya video ya dakika chache, uso wote ukionekana, daktari huona mwenyewe kile ambacho zamani alisimuliwa tu.

Kuchelewa ndiko kunakoharibu. Katika uchunguzi uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2002, wagonjwa walikaa kwa wastani miaka zaidi ya 7 baina ya anguko la kwanza na siku walipoambiwa maradhi yao ni nini. Hata huko, kwenye mashine.

Na kuambiwa kwenyewe ni sehemu ya dawa. Daktari mwenye adabu humketisha mgonjwa pamoja na jamaa zake, akaanza kwa kusema, “Mwanangu, naamini kwamba unaanguka, na najua hufanyi kwa kusudi,” kisha akayataja maradhi kwa jina lake, akaeleza kwamba watu wengi wanayo, kwamba hayatokani na wazimu, na kwamba yanaweza kupona. Na wako ambao kwa mazungumzo hayo tu maanguko yao hupungua au hukoma kwa muda. Walio nyumbani hufundishwa kumlaza mahali salama, kuondoa vitu vyenye ncha, kutomtia kijiko mdomoni wala kumkamata kwa nguvu, kusema naye kwa upole, na kutomzungushia umati. Hospitalini hatari kubwa ni bidii iliyopita kiasi, maana wako waliochomwa sindano za kulegeza moja baada ya moja, hata pumzi zikawaishia, wakatiwa mpira kooni, kwa maanguko ambayo yangalikoma yenyewe. Baada ya hapo huja tiba ya mazungumzo, ambayo mgonjwa hufundishwa kuzitambua dalili za kutangulia, kuirudisha akili yake mahali alipo kwa kugusa na kutaja vitu vilivyo karibu, na kuyarudia polepole mambo aliyoyakimbia. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa la tiba hii lililofanywa Uingereza kwa watu 368: baada ya mwaka mmoja hesabu ya maanguko haikupungua kwa tofauti ya yakini kuliko kwa wale waliopata uangalizi wa kawaida, lakini maisha yao yalikuwa bora, dhiki imepungua, na siku zao za mfululizo bila kuanguka zimeongezeka. Mimi naona matokeo hayo ni ya kweli zaidi kuliko ahadi za waganga wote, wa kilinge na wa chupa.

Kwa mtu wa Mwakirunge, tiba ya mazungumzo iko mbali. Wadi ya maradhi ya akili ya pwani iko Port Reitz, huko Changamwe, ng'ambo ya kisiwa, na wengi hawaendi huko kwa kuogopa kuitwa wendawazimu. Kwa hiyo sheikh anayesoma dua, na mganga wa kayamba, na mchungaji anayewekea mikono wataendelea kuwaona wagonjwa hawa kabla ya daktari, na tabibu wa zahanati mwenye busara hagombani nao juu ya pepo, ila huwaomba mambo mawili, kwamba mgonjwa asipigwe wala asinyimwe chakula, na kwamba asiambiwe aache vidonge kabla ya kupimwa. Hilo la pili lina uzito wake, kwa maana yapata mtu mmoja katika kila kumi mwenye maanguko ya utendaji, na pengine zaidi, ana kifafa pia, na mama yake, akiulizwa vizuri, aghalabu aweza kuyatenga: yale yanayomjia usingizini akauma ulimi, na yale yanayomjia mchana baada ya maneno. Tabibu asiyeuliza hivyo huenda akamwondolea dawa kwa sababu ya yale ya pili, na yale ya kwanza yakamwangusha akiwa amebeba mtoto.